Dubu Mweupe Aachiwe Nafasi Yake
Tangu Januari 1, 2025, mtalii anayekwenda visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwei, haruhusiwi kumkaribia dubu mweupe chini ya mita 300. Kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Katika maeneo ya hifadhi, meli haitakiwi kuwa na abiria zaidi ya 200. Wapo wafanyabiashara wa utalii walionung'unika. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote. Dubu huyu huwinda kwa subira: hutulia tuli kando ya tundu kwenye barafu, akimvizia sili anayekuja kuvuta pumzi. Injini ikinguruma jirani, sili hatokezi, na dubu hunyanyuka akaenda zake na njaa. Majira ya kuchipua ndiyo msimu wake wa kujijazia mafuta mwilini, na mama anayetoka pangoni na watoto amekaa miezi kadhaa bila kula. Barafu anayowindia inazidi kupungua kwa sababu ya joto la dunia; tusimwongezee bughudha. Darubini nzuri inatosha. Ampendaye mnyama kwa dhati humwacha aishi, naye akaridhika kumtazama kwa mbali.