Ati Jukwaa Halisomewi

Mwaka juzi alinijia binti mmoja niliyemsomesha Kiswahili katika kidato cha tano na cha sita, matokeo yake mkononi, akaniuliza suala ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuulizwa: "Maalim, nikitaka kusomea michezo ya kuigiza, niende chuo gani?" Nilimpa jawabu la woga. Nilimwambia asomee ualimu. Jukwaa, kama linamtaka, litamfuata lenyewe. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka, na kweli akaenda kusomea ualimu. Mwezi uliopita amerudi tena kibarazani kwangu na suala lile lile, neno kwa neno, kana kwamba miaka hii yote alikuwa amesimama pale pale akiningoja nizinduke. Makala haya ndiyo jawabu nililopaswa kumpa mara ya kwanza. Na kwa kuwa woga ule haukuwa wangu peke yangu, nimeona bora niliseme hadharani, mbele ya wale walionifunza kuogopa.

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni watu wa kalamu, wanaoshikilia kwamba sanaa haisomewi. Mtu huzaliwa nayo, wanasema, imo damuni, ukimpeleka chuoni utamharibu. Kauli hii hutamkwa kwa madaha makubwa kwenye mabaraza yetu, na aghalabu mwenye kuitamka ni mtu ambaye mara yake ya mwisho kupanda jukwaani ilikuwa siku ya wazazi, darasa la sita. Mimi sikubaliani nayo hata chembe, wala sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hiyo taarab tunayoiita damu yetu ilianzaje? Tunasimuliwa na wazee kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Unguja baina ya 1870 na 1888, alimpeleka Misri Muhammad Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, naye aliporejea akawafunza wengine. Mnamo 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, ambayo hadi leo tunajivunia ukongwe wake. Basi damu yetu hiyo ilianza na mwanafunzi aliyelipiwa nauli! Na ulipofika 2002, pale Forodhani, katika lililokuwa jengo la forodha la kale, kikafunguliwa chuo cha muziki kinachojulikana kwa ufupi kama DCMA, watoto wetu wakaanza kujifunza udi, kanuni na fidla kwa mwalimu na kwa nota. Taarab haikufa kwa kuandikwa ubaoni.

Hata maulidi ya homu, ambayo si mchezo wala sithubutu kuyaita mchezo, hayaingiliwi na asiyefunzwa. Ile safu ya watu wanaoinama na kuinuka kwa pumzi moja haikuzaliwa hivyo. Ni mazoezi ya miaka, chini ya macho ya mkubwa asiyesamehe bega lililochelewa.

Iweje basi jukwaa peke yake ndilo lisilosomewa? Dhana yangu ni kwamba wasemao hivyo hawana imani hiyo. Wanachokusudia hasa ni kuwa jukwaa halistahili nauli, na kwa kuwa ni aibu kulisema hilo waziwazi, hulivisha joho la sifa: kipaji, damu, karama.

Wazazi nawasemea kwa upole zaidi, kwa sababu wao hawana unafiki huo. Baba yake binti huyu aliniambia bila ya kuzunguka: "Maalim, mimi sitaki mwanangu awe kiroja cha watu." Ni khofu ya kweli, na kwa mtoto wa kike huwa maradufu. Lakini hebu tuitazame historia iliyo karibu nasi. Penina Muhando, aliyetoa tamthilia ya *Hatia* mwaka 1972, alisomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasomesha hapo hapo, akawa profesa, na baadaye akaongoza jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, yenye makao yake Nairobi. Mwenzake, Amandina Lihamba, ni profesa, mwongozaji na mwigizaji. Ndiye tunayemwona katika filamu ya *Maangamizi* ya 2001. Wanawake hawa wawili, pamoja na wenzao wa idara, waliuanzisha mwaka 1996 mpango wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari waliyaigiza yale yanayowakwamisha masomoni, mpaka wakubwa wakalazimika kuyasikiliza. Ikiwa huo ndio ukiroja, basi natutamani visiwa hivi vijaliwe viroja kumi.

Ama kuhusu riziki, sitamdanganya mtu. Hakuna mshahara unaomngoja mwenye shahada ya maonyesho kama unavyomngoja daktari, na wanaogawa mikopo ya elimu ya juu, huku kwetu na kule Bara, wana vipaumbele vyao, ambavyo jukwaa halimo katika mstari wa mbele. Mhitimu ataunga hapa na pale: mchezo wa redio, tamthilia ya runinga, kazi za mashirika yanayotaka kufikisha ujumbe vijijini, kusomesha. Lakini nawauliza wazazi wenzangu: ni wangapi kati ya watoto wetu waliosomea biashara ambao hawaungi hapa na pale? Tulikwishazoea umasikini wa mwenye shahada ya uhasibu, ndiyo maana hautushtui.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia aibu khasa, nalo linatoka darasani kwangu mwenyewe.

Nimesomesha tamthilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeisomesha *Kivuli Kinaishi* ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa visiwa hivi, iliyotoka 1990. Nimeisomesha *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein, ya 1988. Nimeandika ubaoni dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro, wahusika, mandhari. Wanafunzi wamenakili, wamekariri, wamefaulu. Nimempa mtoto alama zote kwa kunipangia wahusika wa mchezo ambao yeye hajauona, mimi sijauona, na aliyetunga mtihani pengine naye hajauona. Mchezo ulioandikwa ni kama mapishi yaliyoandikwa: sisi tumekaa tukijadili uzuri wa mwandiko wa neno "nazi" na hakuna aliyewasha jiko.

Siku moja binti huyu alikataa. Nilimtaka anieleze sifa za mhusika mmoja, akasema hawezi kuzieleza akiwa amekaa. Akasimama, akatoka mbele, akayasema maneno ya mhusika yule kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake kabla ya hapo, tena bila ya kutazama kitabu. Wavulana wa nyuma walioanza kucheka wakanyamaza. Kulikuwa na neno moja ambalo mimi miaka yote nikiwafahamisha wanafunzi kuwa ni la hasira. Yeye alilitamka polepole, kwa uchovu, na papo hapo nikatambua kuwa nimekuwa nikikosea. Kengele ikalia. Nikamwambia akae, nikatoa kazi ya nyumbani: orodhesheni sifa tano za mhusika huyo.

Huyo ndiye niliyemwambia asomee ualimu.

Haya, aende wapi? Vijana wengi wakiulizwa watataja Ulaya au Marekani, na wazee wengi wataona fakhari. Mimi nasema asianzie huko. Chombo cha mwigizaji ni ulimi wake na masikio ya wanaomsikiliza. Mtoto aliyekulia Kiswahili cha Makunduchi au cha Wete, ukimtupa akiwa na miaka ishirini kwenye jukwaa la London, atatumia miaka mitatu kujifunza kutamka maneno ya watu wengine, kisha atapewa nafasi ya mkimbizi. Mfano upo mbele yetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikwenda Berlin akaandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki, akaimaliza 1975. Lakini *Kinjeketile* ilikwishatoka 1969, na *Mashetani* 1971. Alikwenda Ujerumani akiwa na cha kubishana nacho. Hakwenda mikono mitupu kuomba afundishwe yeye ni nani.

Kampala je? Makerere wana idara ya muziki, ngoma na maigizo tangu 1971, na tangu 1965 walikuwa na kundi lao la kusafiri vijijini. Ni mahali pa heshima. Ila Kiswahili huko bado ni mgeni, na mimi namtafutia huyu mahali ambapo hadhira itamkatiza akikosea methali.

Zinabaki Dar es Salaam na Bagamoyo, na hapa ndipo panapohitaji kufikiri, maana watu huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na sanaa za maonyesho tangu miaka ya mwisho ya 1960. Huko ndiko walikofikiri kwa kina kabisa, kwa Kiswahili, juu ya mchezo na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa hapo walikwenda kukaa kijijini Malya, mkoani Mwanza, wakatunga pamoja na wanakijiji kwa kutumia ngoma za huko huko, kuliko kuwapelekea mchezo uliokwisha kupikwa mjini. Anayetaka kuandika, kuongoza, au kujua kwa nini jukwaa la Afrika ya Mashariki lilivyo ndivyo lilivyo, aende huko. Lakini chuo kikuu ni chuo kikuu: kuna insha, kuna mihadhara, na mtu anaweza kuhitimu akiwa hodari wa kulieleza jukwaa kama nilivyo mimi hodari wa kueleza mandhari.

Bagamoyo ni kazi ya mwili. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo 1981, kikaja kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, mwaka 2007. Mwanafunzi wa maigizo huko hachezi peke yake pembeni: anapiga ngoma, anacheza, anapinduka sarakasi, anafunga taa, anapaka rangi mandhari. Ukumbi wao uliungua 2002 na mpya ukafunguliwa 2008, na baina ya miaka hiyo chuo hakikufungwa. Hilo peke yake lanitosha kukiheshimu. Hutoa stashahada, si shahada, na najua baba mtu atauliza hilo kabla ya kuuliza jengine lolote. Shahada itasubiri. Mwili hausubiri, goti la miaka ishirini si goti la miaka thalathini.

Kwa hiyo jawabu langu ni Bagamoyo kwanza, Dar baadaye, ng'ambo mwisho au kamwe. Na kabla ya kujaza fomu, avuke kwa boti ya asubuhi, saa mbili tu hadi Dar, kisha kilomita 70 hivi kwa basi kuelekea kaskazini, akaangalie mchezo wa wanafunzi kwa macho yake. Asisome tangazo. Atazame waliokaa ukumbini ni akina nani: wanafunzi wenzao na walimu tu, au wamo wavuvi na wauza samaki na watoto waliopenya bila ya tiketi? Aulize mwalimu wa uigizaji mara ya mwisho ameigiza lini. Akijibiwa kwa tarehe, abaki. Akijibiwa kwa cheti, arudi na boti ya jioni.

Nilimweleza haya yote binti mwenyewe, na nilidhani nimejikomboa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na nikirudi, Maalim, nitaigiza wapi?"

Sikuwa na la kusema. Ngome Kongwe tuna ukumbi wa wazi, wenye ngazi za mawe zinazoweza kukaliwa na mamia ya watu. Tangu 1998 tumeujaza kwa filamu za tamasha la ZIFF, na tangu 2004 kwa muziki wa Sauti za Busara. Mambo mazuri yote mawili, wala siyaonei kijicho. Lakini niulizeni ni lini nimekaa juu ya mawe yale nikatazama mchezo wa Kiswahili, ulioandikwa na Mzanzibari, ukichezwa na Wazanzibari, kwa ajili ya Wazanzibari. Kijana wetu mwenye kipaji cha mwili leo hukodishwa na hoteli za pwani ya kaskazini, akavalishwa shuka nyekundu, akaruka kimasai mbele ya watu wanaokula. Hilo ndilo jukwaa tulilomjengea. Zamani kundi la taarab lilikuwa na natiki, vichekesho vya kuigizwa baina ya wimbo na wimbo, na watu walizijia hizo kama walivyozijia nyimbo. Tuliviacha vikafa, na sasa tunamwambia mtoto kwamba sanaa imo damuni mwake.

Ninachowataka wenye dhamana ya utamaduni si chuo. Najua jawabu la bajeti kabla sijauliza. Nataka usiku mmoja katika kila mwezi pale Ngome Kongwe, kiingilio cha mwenyeji, mchezo wa Kiswahili, vizuri au vibaya. Waanze na *Kivuli Kinaishi*, nami nitawaleta wanafunzi wangu wote, na vitabu vyao tutaviacha skuli.

Barua ya mapendekezo nimeshamwandikia. Baba yake bado hajaitia saini fomu. Ijumaa nitakwenda kwake baada ya sala, nikamweleze yaliyotokea siku ile darasani, na nimkiri kwamba mwenye kumkosesha mwanawe mwaka wa kwanza na wa pili nilikuwa mimi.