Tupishane kwa Heri

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, nawaombeni jambo moja: tunapokutana pembeni mwa barabara, mwenye baiskeli na anayetembea, tupishane kiungwana.

Pembeni hapo ni pembamba, na wote hatuna pengine pa kupita. Katika barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari, inayopita Bunda na Kiabakari, basi likipiga honi mwenye baiskeli huacha lami na kuingia wanamopita wanafunzi. Hana nia mbaya, anaokoa roho yake. Lakini baiskeli haina mlio, na mtoto ameipa kisogo.

Mfikirie mama anayetoka Mwigobero na beseni la dagaa kichwani. Kugeuza shingo hawezi. Ukimpita kwa kasi na kumgusa kanga tu, beseni liko chini na mtaji wa siku umemwagika mchangani. Mpanda baiskeli naye, akiwa amefunga magunia ya mkaa kwenye keria, hasimami papo hapo hata breki zikiwa nzima, maana mzigo unamsukuma. Ndiyo maana kengele ipigwe ungali mbali. Kama huna kengele, mdomo unao: "Shikamoo mama, napita kulia kwako." Kisha punguza mwendo hadi umpite. Na pale Nyasho sokoni, watu wakijaa, tafadhali shuka ukokote.

Nasi tunaotembea tusijipange wanne wanne tukipiga soga. Tushike upande wa kulia, tuyatazame magari yanayokuja. Baiskeli za upande huo nazo zitatujia usoni badala ya mgongoni. Mtoto awe upande wa majani, mkono wake mkononi mwako. Kengele ikilia, usiruke huku na huku: endelea ulivyokuwa ukienda, kwa kuwa anayekuja ameshachagua pa kupita. Mzee asiyesikia vizuri asitukanwe, asubiriwe.

Miguu na baiskeli vina historia hapa kwetu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Siku hizi, kuelekea 14 Oktoba, msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kwa baiskeli kwenda kumkumbuka. Aliyekwenda kwa miguu na wanaokuja kwa baiskeli, wote tunawaheshimu mkoani kwetu, basi na wenyeji wa kila siku wapewe heshima hiyohiyo.

Wiki hii, mwenye baiskeli apite kwa fundi akaze breki, afunge kengele na kiakisi mwanga cha nyuma, maana jioni giza huingia upesi. Walimu wa zamu, tunaomba dakika mbili mstarini muwafundishe watoto upande wa kutembea. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, liwekeni suala hili kwenye mkutano ujao, na wabeba mkaa, maji na samaki waalikwe waseme ni wapi njia inawabana zaidi.