Mizani ya Mwili: Swali Jema la Tiba ya Kale, Jibu Linalopaswa Kupimwa

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufikia mpaka wa Zambia katika mji wa Tunduma, na hapo malori husimama katika foleni ndefu yakisubiri kuvuka kuelekea Nakonde, Ndola na Lubumbashi. Katika mji wa namna hii hukutana watu wa lugha nyingi, na mawazo yao kuhusu mwili hukutana pia. Mmoja husema mwili wake ni wa moto, kwa hiyo pilipili na nyama havipatani naye. Mwingine husema wake ni wa baridi, ndiyo maana kifua kinambana kila aendapo Mbozi. Wa tatu amesoma katika simu yake kwamba yeye ni mtu wa “vata”, na kwamba akirejesha mizani yake hatahitaji tena vidonge vya presha. Mhudumu wa afya asikiaye maneno hayo huwa na njia mbili rahisi: kucheka au kunyamaza. Zote mbili humpoteza mgonjwa.

Mafundisho hayo yana asili yake. Ayurveda, yaani elimu ya uhai, ni tiba ya kale ya Bara Hindi, na vitabu vyake vikuu, kama vile Charaka Samhita, vina umri wa takriban miaka 2,000. Hufundisha kwamba kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake wa nguvu tatu. Vata ni ya hewa na anga: mtu wake ni mwembamba, ngozi kavu, usingizi mwepesi, mawazo mengi. Pitta ni ya moto na maji: mtu wake ana njaa kali, hutoka jasho, hukasirika upesi. Kapha ni ya maji na udongo: mtu wake ni mnene, mtulivu, mzito wa kuamka. Maradhi, kwa mujibu wa elimu hiyo, huja pale nguvu moja inapozidi kipimo chake cha kuzaliwa, na tiba hulenga kuirudisha kwa chakula, usingizi, mwendo wa siku na dawa za mitishamba.

Waswahili hawakusubiri simu ili wapate wazo la aina hii. Tiba ya Kiyunani, iliyopita mikononi mwa matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara na dini. Yenyewe ilihesabu vimiminiko vinne vya mwili, na si nguvu tatu, lakini msingi wake ni ule ule wa mizani. Athari zake zimebaki katika lugha: mizaji, balghamu, na hata safura, ambayo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano.

Neno hilo la mwisho lina funzo kubwa kwa mjadala huu. Zamani mtu aliyepauka, akachoka na kupumua kwa shida alielezwa kuwa nyongo imemzidi. Leo wahudumu wa afya nchini Tanzania husema “minyoo ya safura”, wakimaanisha minyoo midogo inayopenya ngozi ya miguu, ikakaa utumboni na kunyonya damu hadi mgonjwa akaishiwa. Dalili walizoziona wazee zilikuwa za kweli, na neno lao lingali linatumika, lakini sababu imepatikana mahali pengine. Kwa kuwa imepatikana, dawa ya minyoo, madini ya chuma, choo bora na viatu hufanya kazi ambayo kupunguza nyongo hakukuweza kuifanya. Hivyo ndivyo ipasavyo kuzitazama vata, pitta na kapha: kama maelezo ya uangalifu ya watu waliotazama miili kwa makini, ambayo sababu zake bado zinapaswa kuthibitishwa kwa vipimo.

Sifa moja ya tiba hiyo haina budi kukubaliwa. Humuuliza mtu maswali ambayo zahanati nyingi zimeacha kuyauliza. Unalala saa ngapi? Unakula nini, na wakati gani? Choo kikoje? Hasira zako zikoje? Unaishi penye joto au penye baridi? Mkoa wa Songwe wenyewe unadai maswali hayo. Anayelima mpunga katika bonde la Kamsamba wilayani Momba hutoka jasho kutwa, hali anayechuma kahawa Mbozi au anayeishi milimani Ileje huamkia ukungu na baridi. Kuwapa wote wawili karatasi moja yenye maneno “punguza chumvi, fanya mazoezi” ni kuwatibu kama watu wasio na mahali.

Mfano ni dereva wa lori mwenye presha ya 160 kwa 100. Akiwa foleni hulala ndani ya gari, hula chipsi saa tano usiku, hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili asisinzie, na hukaa kitini mchana kutwa. Mtabibu wa Ayurveda angemwambia kuwa mwendo wake wa siku umevurugika, na hapo angekuwa amesema kweli. Lakini kweli hiyo haihitaji jina la nguvu yoyote. Usingizi pungufu na kukaa bila kutembea huchangia kupanda kwa shinikizo la damu. Chumvi nayo hulipandisha: Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo hazifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Dereva huyo anaweza kuongozwa kula mapema ugali, maharage na mboga za majani, kutembea kandokando ya foleni hadi atimize walau dakika 150 kwa wiki, na kuweka vidonge vyake karibu na hati za safari ili asivisahau. Ushauri wa namna hiyo unamtazama yeye, na wakati huohuo unaweza kupimwa kwa mashine ya presha baada ya mwezi mmoja.

Hatari huanza pale jina la aina ya mwili linapochukua nafasi ya uchunguzi. Mtu anayekonda, mwenye kiu isiyokwisha na anayekojoa mara kwa mara anaweza kuambiwa ana moto mwingi, kumbe ana kisukari. Mwembamba anayekohoa kwa wiki mbili na kutoka jasho usiku anaweza kuambiwa vata imezidi, kumbe ana kifua kikuu, na kila siku ipitayo anawaambukiza wa nyumbani kwake. Mama anayenenepa, kuchoka na kuhisi baridi huweza kuitwa mtu wa kapha ilhali tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo. Na Nyanda za Juu Kusini zinajua vyema rovu na upungufu wa madini joto. Picha hizi tatu zinafanana mno na aina za miili zinazoelezwa vitabuni. Mabadiliko mapya ya mwili yasichukuliwe kuwa tabia ya kuzaliwa kabla ya vipimo kusema.

Hatari ya pili imo ndani ya dawa zenyewe. Kwamba mmea una nguvu hakuna ubishi: kutokana na mmea mmoja wa Ayurveda, Rauwolfia serpentina, wanasayansi walitenga reserpini mwaka 1952, ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za presha. Hata hivyo, dawa hiyohiyo kwa vipimo vikubwa iliwatia baadhi ya wagonjwa katika sonona. Mzizi mtamu wa urukususu, unaotumiwa katika tiba nyingi za mashariki, huweza kupandisha presha ya anayeutumia kwa wingi. Na mwaka 2004 uchunguzi uliochapishwa Marekani ulipima dawa 70 za mitishamba za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston; 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hakuna kapha inayorejea kwenye mizani kwa risasi.

Ya tatu ni kuacha tiba. Tanzania ilipata somo hilo mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Lililowaumiza ni kuamini kwamba sasa vidonge havina kazi tena. Presha na kisukari navyo haviumi mwanzoni. Mtu hujisikia yu katika mizani hadi siku ya kiharusi.

Nchi haikuikataa tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga na dawa zao, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kumuuliza muuzaji wa Tunduma usajili wake uko wapi na chupa ina nini ndani. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hastahili kukabidhiwa mwili wa mtu.

Mizani ya mwili ipo kweli. Joto la mwili huzunguka nyuzi 37, na sukari ya damu kabla ya kula ikifikia milimoli 7.0 kwa lita na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili huitwa kisukari, awe mtu huyo ni mwembamba au mnene. Mhudumu wa Vwawa, Tunduma au Ileje amwulize kila mgonjwa, bila dharau, dawa gani nyingine anatumia na anauelewaje mwili wake, kisha aandike jibu katika kadi yake. Mgonjwa naye aitaje chupa hiyo hata kama anaogopa kukemewa. Aendelee na chakula kinachompa nguvu na usingizi unaomtuliza, aiite hali hiyo kwa jina alipendalo, lakini vidonge vyake asiviache kabla hajapimwa na kuzungumza na aliyemwandikia.