Daraja ni letu, utaalamu je?

Ukipita barabara ya Dongo Kundu utavuka daraja la Mteza, lenye urefu wa takriban kilomita 1.4, lililojengwa kwa mkopo wa Japani. Twashukuru, safari ya Kwale imekuwa nyepesi. Lakini miaka 30 ijayo nani atalikagua?

Bahari haina huruma na zege. Chumvi hupenya taratibu hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Nyumba za ufuoni zinazomeguka dari tumeziona sote. Kujua mchanganyiko gani wa saruji unastahimili haya, au nguzo itasimama vipi kwenye tope la mikoko, kunahitaji zaidi ya shahada ya kwanza. Huko mwanafunzi hupewa misingi. Kuchimba tatizo moja hadi chini ni kazi ya uzamili.

Chuo Kikuu cha Kiufundi tunacho hapa Mombasa, kile ambacho wazee wetu wanakijua kama MIOME. Mimi niliishia diploma, kwa hivyo sijigambi. Ila basari tunazogombania ni za sekondari na digrii. Kijana akitaja uzamili anaambiwa ajitegemee.

Kandarasi ijayo ya daraja Pwani iwe na kifungu: wahandisi wetu kadhaa wasomeshwe uzamili, na tasnifu zao zihusu daraja hilo hilo. Wabunge wetu walidai hilo kabla ya sahihi kutiwa.