Asali Pia ni Sukari, Wasee

Wacha niseme hii kitu halafu mnitukane baadaye. Zile kuku za Kichina "nyepesi" mnapika kwa video zenu, nyingi si nyepesi. Mmetoa mafuta, mkamwaga asali nusu kikombe, mkaweka jani la dania juu, mkapiga picha karibu na dirisha na kuandika "bila hatia". Hatia iko hapo hapo, imejificha tu kwa sosi.

Mnajua kuku ninayoongelea. Ile menyu huita sweet and sour, mimi huita tamu-chachu. Inakuja kwa kasha, imevaa koti ya unga, nyekundu inang'aa kama kucha zimetoka kupakwa rangi, na hoho na nanasi zimelala katikati. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa msosi wa mwisho wa mwezi. Mathe akilipwa, simu inapigwa, mtu wa boda anafika gate, na kwa dakika kumi hakuna mtu anaongea kwa hiyo nyumba.

Halafu mwaka jana mathe akaambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda. Hakulia wala nini. Alirudi nyumbani, akabandika karatasi ya vyakula kwa friji, maisha yakaendelea. Lakini mwisho wa mwezi ulipofika tukaagiza kama kawaida, na yeye akakaa na sahani yake ya sukuma na yai. "Nyinyi kuleni tu." Kama umelelewa na mama Mkenya unajua hiyo "kuleni tu" ina uzito gani. Nilikula, lakini manze, haikuteremka.

Kwa hivyo nikaamua nitampikia yake. Nikaingia mtandaoni na karibu kila mtu alikuwa anasema mambo matatu: kifua cha kuku, kile kimashine cha kukaanga kwa hewa, na asali. Hicho kimashine sina. Niko na gesi ya kilo 6 na tokeni za stima tunazohesabu kama siku za kufunga. Nikaweka kifua kwa kikaango kikavu bila tone la mafuta, nikamalizia na asali kama nilivyoambiwa. Mathe alitafuna kipande cha kwanza kama mtu anatafuna risiti. Akasema, "Imeiva." Hiyo ndiyo sifa pekee nilipata. Baadaye akajipima na kale kamashine kake ka kidole, akaangalia namba, akaniangalia mimi, akakaweka kwa droo.

Hapo ndipo niliamua kupiga hesabu mwenyewe. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu kama 17 za sukari. Kijiko hicho hicho cha sukari ya kawaida kina kama 12, ju asali ni nzito zaidi. Nusu kikombe ni vijiko vikubwa 8. Gawanya kwa watu wanne, kila mmoja amekula gramu 34. Shirika la Afya Duniani linahesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na linasema ukiweza ukae chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima. Yaani umepita kiwango cha siku kwa sosi peke yake, na hujagusa chai. Halafu unaniambia ni nyepesi kwa sababu inatoka kwa nyuki?

Mafuta nayo yamesingiziwa sana. Sisemi hayana neno. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, na ile koti nene ya unga ikizamishwa kwa karai inanyonya kweli kweli. Lakini vijiko viwili vikubwa kwa kuku ya watu wanne havijaua mtu, na ndivyo vinafanya iwe chakula badala ya adhabu. Ukitoa mafuta yote, mtu anamaliza kula bado anatafuta kitu, na hicho kitu atakipata kwa keki.

Venye mimi hufanya sasa ni hivi. Nusu kilo ya paja lililotolewa mfupa, si kifua. Paja lina mafuta yake kidogo, haliwi mbao. Ngozi toa. Kata vipande vya kuuma mara moja, changanya na kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, tangawizi iliyokwaruzwa na ute wa yai moja. Halafu vijiko viwili vya konfulawa, ule unga mweupe laini unalia kwa vidole kama poda. Tafadhali usichukue unga wa ugali, kuna mtu alifanya hivyo na tulikula changarawe. Kung'uta unga uliozidi. Pasha kikaango kipana mpaka kiwe moto sawasawa, vijiko viwili vya mafuta, panga vipande visigusane. Halafu usiviguse! Dakika tatu. Najua mkono unawasha, lakini ukivigeuza-geuza vinatoa maji na badala ya kukauka vinachemka. Geuza mara moja tu. Kama kikaango ni kidogo, pika mara mbili.

Sosi ndiyo vita yenyewe. Utamu mimi natoa kwa nanasi mbichi, nusu ya lile dogo, nimelikatakata laini laini na kuliacha liive kwa kikaango mpaka lianze kuvunjika. Si juisi, ju ukishalikamua unarudi pale pale kwa sukari ya kuhesabiwa. Naongeza kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, ile nzito isiyo na sukari (soma nyuma ya kopo, ya chupa huwa na sukari), vijiko viwili vya siki, saumu, pilipili kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Ndiyo, sukari. Gramu 4 kwa sufuria nzima. Siki bila hiyo inakuwa na hasira, na mimi sitaki mtu akunje uso akila chakula changu. Kijiko cha chai cha konfulawa kwa maji baridi kinaifanya iwe nzito na ing'ae. Hoho na kitunguu zinaingia mwisho, zikae na kelele kidogo.

Onyo moja kuhusu hilo nanasi. Usilitumie mbichi kuloweka nyama. Mimi nilijiona mjanja, nikaacha kuku kwa nanasi usiku kucha iingie ladha. Asubuhi nilikuta uji. Nanasi mbichi lina kimeng'enya kinachovunja nyama, ni kama limeanza kukulia kabla yako. Likipikwa linatulia.

Na chumvi, wasiseme sikusema. Kijiko kikubwa cha sosi ya soya kina karibu nusu ya chumvi unayofaa kula kwa siku nzima. Kwa hivyo ni kile kimoja tu, kimegawanywa watu wanne, na sitii chumvi nyingine popote.

Sasa kuna mbogi inaniambia hii yangu si ya Kichina, nimeiharibu. Sawa, tuongee kuhusu hiyo. Sijui kama mmeshasikia kuku ya General Tso, ile Wamarekani wanapenda kuagiza, binamu ya hii yetu. Mpishi anayehusishwa nayo zaidi ni Peng Chang-kuei, mtu wa Hunan aliyeenda Taiwan 1949 na kuitunga huko miaka ya 50. Ilikuwa chachu, kali, na chumvi. Haikuwa tamu. Sukari iliingia New York miaka ya 70, na mzee huyo aliishi mpaka 2016, akaona ile waliyoipa sukari ikiwa maarufu kuliko yake. Jenerali mwenyewe, Zuo Zongtang, alikufa 1885, hakuwahi kuionja. Hata tamu-chachu yenyewe kule Kantoni inajulikana zaidi kwa nguruwe. Kwa hivyo ile unalinda kwa ukali wote ni chakula ambacho kila jiji limekivuta upande wake. Mimi nakivuta kuelekea kwa meza ya mathe.

Kitu kimoja nitawakubalia. Haifanani kabisa na ile ya kasha. Ile koti nene inayopasuka ukiuma, sina. Yangu ni kama shati la ndani, inakauka juu lakini ni nyembamba, na ukimwaga sosi una dakika tano kabla ilowe. Siku ya birthday yangu niliagiza ile ya kasha na niliifurahia bila kujieleza kwa mtu. Sijui kwa nini tunadhani lazima moja ife ndiyo nyingine iishi.

Ila kupika sufuria mbili, moja ya "mgonjwa" na moja ya "watu", nimekataa. Wiki iliyopita tulikula sufuria moja sisi wote, wali mweupe kidogo, kabeji nyingi. Ndugu yangu mdogo hakujua kuna kitu kimetolewa. Mathe aliongeza mara moja, akajipima baadaye kama kawaida yake, na hiyo namba ni yake, sitaiweka hapa. Kashine hakikurudishwa kwa droo kwa kishindo, hiyo naweza sema. Halafu akaniuliza mbona sikuweka pilipili ya kutosha.

Kwa hivyo mkiijaribu, ita watu mezani kwanza. Wakishakaa, ndipo umwage sosi.