Tuache Porojo za Njama, Tuulize Kuhusu Injini

Tangu Alhamisi simu yangu haijapumzika. Kila kundi la WhatsApp nililomo kuna mtu ameweka picha ya chopa iliyozungushiwa duara jekundu, na maneno mawili matatu ya kuapa kwamba kuna mkono wa mtu. Jumapili tumemzika Jenerali Francis Ogolla kule Ng'iya, Siaya, bila jeneza kama alivyotaka mwenyewe. Hata kabla udongo haujakauka, picha bado zinaingia.

Najua hasira inatoka wapi. Yale ya Bomas ya 2022 hakuna aliyeyasahau. Lakini, wenzangu, mimi sitaandika hapa kwamba fulani aliangusha ndege wakati sina hata punje ya ushahidi, na nawaomba na nyinyi msiandike. Si uoga. Kila tukipayuka kuhusu njama, wenye jukumu la kujibu wanatuita wazushi, wanaendelea na chai yao. Wapewe maswali ambayo hawawezi kuyacheka.

Tuanze na ndege yenyewe. Huey ilipaa mara ya kwanza 1956, kabla wazazi wa wengi wetu kuzaliwa, na ndiyo ile mnaiona kwenye kila filamu ya vita vya Vietnam. Ni helikopta ya kazi za mkono: kubeba askari, kubeba majeruhi 6 kwenye machela, kuning'iniza mzigo chini ya tumbo, kutua kwenye uwanja wa shule. Kwa kazi hiyo inasifika, na kwa haki. Hii yetu ni Huey II, yaani mwili wa Huey ya zamani uliovuliwa na kujengwa upya. Injini ya farasi 1,400 imetolewa, ikawekwa ya 1,800, na uzito inaoruhusiwa kuruka nao ukapanda kutoka kilo 4,300 hivi hadi zaidi ya 4,700. Marekani ilitupa 8, zikaanza kuwasili mwishoni mwa 2016.

Injini hiyo ni moja. Hapo ndipo nataka mtulie kidogo.

Watu hudhani injini ya helikopta ikizima, ndege inaanguka kama jiwe. Sivyo. Rubani mwenye mazoezi anaweza kuiacha ishuke huku upepo unaotoka chini ukiendelea kuzungusha mapanga, halafu karibu na ardhi anatumia ule mzunguko uliobaki kulainisha mshuko. Huey inajulikana kuwa nzuri kwa hilo, maana mapanga yake mawili ni mazito na hayapotezi nguvu haraka. Lakini ujanja huo unahitaji kimo au mwendo. Ukiwa umetoka tu kuruka, uko chini na bado hujashika kasi, huna muda. Na tumeambiwa nini? Kwamba ndege hii ilianguka muda mfupi baada ya kupaa.

Ongeza mahali penyewe. Alasiri ya joto, nchi ya milima na mabonde, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, na kadiri unavyopanda inazidi kuwa nyepesi. Mapanga yanashika kidogo, injini inapumua kidogo. Ndani walikuwa watu 12. Huey II ilitengenezwa hasa kuvumilia joto na miinuko, kwa hiyo sisemi ilizidiwa na mzigo. Nasema kuna karatasi mahali fulani inayoonyesha uzito, mafuta na nyuzi joto za safari ile, na hiyo karatasi inaweza kuzima porojo zote tunazotumiana usiku.

Marekani wenyewe walianza kuiachia Huey nafasi tangu 1979, walipoingiza Black Hawk yenye injini mbili. Hata helikopta yao nyepesi ya sasa, Lakota, ina mbili. Si kwamba injini moja ni dhambi. Ni nafuu, na majeshi mengi duniani yanaitumia. Ila ukichagua injini moja umejifunga kuihudumia bila kukosa: saa zihesabiwe, vipuri viwe halisi, fundi asiharakishwe kwa sababu kuna mkubwa anasubiri.

Tuko na historia. Juni 2012 helikopta ya polisi, AS350 yenye injini moja, ilianguka Ngong na kuua watu 6, akiwemo Profesa George Saitoti na Orwa Ojode. Siku zile pia uvumi ulijaa. Lakini iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, na mashahidi wakahojiwa hadharani. Septemba 2023 Huey ya jeshi ilianguka usiku ikiwa doria kule Lamu. Hiyo mnaikumbuka? Wengi wenu hapana. Wale hawakuwa majenerali.

Safari hii jeshi limetuma wachunguzi wake kuchunguza ndege yake. Mkataba wa Chicago hauhusu ndege za kijeshi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutuchapishia chochote. Najua kuna siri za ulinzi. Tarehe ya mwisho injini kufunguliwa si siri ya ulinzi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wabunge wetu walio kwenye Kamati ya Ulinzi waitishe rekodi za matengenezo za Huey zote zilizobaki, si ya hii iliyoungua tu. Waulize nini kilibadilishwa baada ya Lamu, na kama zilizobaki zinaendelea kuruka. Alhamisi walikufa watu 10, wawili wakanusurika. Jenerali alikuwa rubani wa ndege za kivita na alijua hatari za angani kuliko sisi sote. Wale wengine 9 mngewataja mnapopost picha zenu za duara jekundu, maana wenzao kesho asubuhi wanapanda chopa kama ile ile.