Gari la Kiitaliano Haliuawi na Barabara

Itaje Alfa Romeo ya mwaka 1972 mbele ya wazee wanaoketi nje ya gereji yoyote ya Bungoma, useme mwenyewe anataka kuiendesha hadi Mombasa, na hukumu itatoka kabla hujamaliza kusema. Magari ya Waitaliano ni mapambo. Yanapendeza yakioshwa, yananguruma vizuri mjini, lakini ukivuka Webuye nayo utarudi umevutwa kwa kamba. Anayetaka kufika anunue Toyota. Aliye na hilo la Kiitaliano alifunike turubai, alitoe Krismasi.

Imani hii nimeikuta Kibabii, Kimilili na Kitale, na nimeikuta Nairobi miongoni mwa watu wanaoyapenda magari hayo kwa moyo wote. Naikataa kuanzia mzizini. Gari la zamani la spoti kutoka Italia, likiandaliwa ipasavyo, linahimili safari ndefu. Kinachoyamaliza magari haya nchini mwetu ni kule kuegeshwa ambako tumekupa jina la utunzaji.

Sifa hii mbaya haikuzaliwa hapa. Miaka ya 1970 viwanda vya Italia viliunda magari mengi ambayo bati lake halikukingwa vyema dhidi ya kutu. Yakauzwa Uingereza, nchi inayomwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi na maji vikakaa chini ya gari kwa miezi, mwaka baada ya mwaka, na bati likaliwa. Kashfa kubwa ilikuwa ya Lancia Beta, gari lililotoka mwaka 1972. Kufikia 1980 fremu inayobeba injini ilikuwa imeoza katika baadhi ya magari hayo, hata kampuni ikalazimika kuyanunua tena kutoka kwa wateja wake wa Uingereza. Magazeti yaliishikia bango kashfa hiyo, jina la Lancia likaporomoka, na mwaka 1994 kampuni ikafunga biashara yake katika nchi hiyo.

Sisi tulisoma majarida yaleyale ya magari, kwa Kiingereza kilekile, tukaibeba hukumu nzima bila kuuliza shtaka lilikuwa lipi. Shtaka lilikuwa chumvi na bati. Barabara ya kutoka Chwele kwenda Kimilili haijawahi kumwagiwa chumvi ya barafu hata siku moja. Tena injini hazikushtakiwa. Injini ya Alfa Romeo ya spoti ya enzi hizo ni ya alumini, ina kemshafti mbili juu ya silinda, zinazozungushwa kwa cheni. Gia za mbele ni tano, wakati magari mengi ya rika lake yalikuwa na nne. Breki ni za diski magurudumu yote manne. Oili inayoingia ni zaidi ya lita 6. Mtu hawekei injini ndogo ya lita 2 oili nyingi kiasi hicho ili izunguke sokoni na kurudi nyumbani. Huweka kwa sababu amekusudia ikimbie mchana kutwa bila kuungua.

Ushahidi wa hapa Kenya pia upo, na ulishuhudiwa na umati uliopanga mstari kando ya barabara. Katika Safari Rally ya 1974 Sandro Munari alimaliza wa tatu na Lancia Fulvia. Mwaka 1975 Lancia Stratos zilishika nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504. Miki Biasion akashinda na Lancia Delta mwaka 1988, akarudia 1989, na Juha Kankkunen akashinda na Delta nyingine mwaka 1991. Mashindano ya miaka hiyo yalikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mawe, na magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho.

Najua jibu la wapinzani: hao walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao, helikopta juu na mafundi kila kituo. Ni kweli, wala sisemi kwamba gari lako ni la Munari. Lakini nao hawakuwa wakiendesha kama wewe. Walilirusha gari kwenye mashimo kwa kasi ambayo wewe huna sababu ya kuifikia. Wewe unakwenda kilomita 80 kwa saa juu ya lami. Tena yuko Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda Safari na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Volvo si ya Kiitaliano, lakini lile lilikuwa gari lililokwisha kuchoshwa na wengine, likashinda kwa sababu mikono iliyolishika ilijua kila nati.

Anayedhani chuma cha Italia hakiwezi Afrika akumbuke pia malori. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine, isiyopita Rhodesia, ya kupitishia shaba na mafuta yake. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ambayo Waitaliano walikuwa na hisa ndani yake, ilitumia malori ya Fiat kati ya Dar es Salaam na Zambia, katika barabara ya udongo iliyoua watu wengi hadi madereva wakaiita njia ya jehanamu. Hakuna aliyesema malori yale yafunikwe turubai.

Halafu kuna Pijo. Wazee wanaoicheka Alfa leo walisafiri kwenda Nairobi ndani ya Peugeot 504, wamebanana, mizigo imefungwa juu, na mpaka leo wanaisifu. Nayo ilikuwa gari la Ulaya lenye kabureta, rika moja na Alfa. Tofauti ni kwamba kuanzia Kitale hadi Malaba kila fundi alikuwa ameifungua Pijo mara nyingi kiasi cha kuifanyia kazi gizani, na spea zilikuwa dukani. Nusu ya uimara wake ilikuwa kwenye chuma, nusu ilikuwa mikononi mwa mafundi. Alfa na Fiat za spoti zilikuwa chache, mafundi hawakuzizoea, wakazifunga vibaya, zikaharibika, kisha lawama ikapelekwa Italia.

Sasa tufunue turubai tuone utunzaji unafanya nini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na Bungoma mvua si ngeni. Unyevu huo unakula pistoni za breki kwa ndani, na siku utakapokanyaga, gurudumu moja litashika na jingine litakataa. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha gundi inayoziba jeti. Sili za mpira hazipati oili, hukakamaa na kupasuka. Diski ya klachi hung'ang'ania kwenye flaiwili. Betri hufa, tairi hupata ubapa pale ziliposimama, na panya huanza kutafuna nyaya. Mvuke uliomo ndani ya injini hugeuka maji, maji hayo yakachanganyika na oili, na kuta za silinda zikashika kutu mahali usipoweza kupaona.

Ile safari ya Krismasi ya kuzunguka mjini haiponyi chochote kati ya haya, tena huongeza madhara. Injini huwashwa ikiwa baridi, huenda kilomita chache, huzimwa kabla oili haijapata joto la kuyafukuza maji. Plagi huwa nyeusi. Mwenye gari hulirudisha chini ya mwembe akiamini amelifanyia wema. Miaka 5 ikipita hivyo, siku anapothubutu kwenda Eldoret linamfia njiani mjini Turbo, na mtaa mzima unasema: mwaona, Mwitaliano! Gari hilo liliuawa nyumbani. Barabara ilipokea maiti tu.

Kilomita 400 za mfululizo, ambazo ndizo takriban hadi Nairobi, hufanya kinyume chake. Oili inafika joto lake na kukaa hapo, maji yanatoka, sili zinalowa, breki zinajisugua, betri inajaa. Jembe linalolima halishiki kutu, na wakulima wa Trans Nzoia hawahitaji profesa kuwaeleza hilo.

Iko sehemu moja ambapo magari haya hushindwa mbele za watu, na kutoeleweka kwake kumezalisha uongo mwingi. Ni Timboroa. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900, na Timboroa inapita 2,700. Huko juu, kila pumzi ya injini inabeba takriban robo tatu tu ya hewa ambayo ingeipata Mombasa. Gari la kisasa lina kompyuta inayopunguza petroli yenyewe. Kabureta haijui mlima: inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha jeti zilizofungwa kiwandani, kwa mtu anayeishi karibu na bahari. Mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mweusi unatoka, nguvu zinaisha, na lori la mahindi linakupita. Watu wanasema gari limechoka. Halijachoka. Linashibishwa kupita kiasi, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi, vipande vya shaba vinavyoenea kwenye kiganja. Anayeteremka hadi pwani na jeti hizo ajue kwamba kule hewa ni nyingi na petroli itapungua mno, injini ichemke na vali ziungue. Kwa hiyo seti mbili: moja ya nyanda za juu, moja ya pwani.

Jambo la pili ni petroli kuchemka ndani ya mpira wake karibu na injini, hasa unapopanda kutoka Nakuru saa sita mchana. Pampu inavuta mvuke badala ya mafuta, gari linazima, na abiria wanaanza kutafuta matatu. Ukilipumzisha likapoa, au ukaiwekea pampu kitambaa kilicholoa, litawaka. Ukipitisha mpira wa mafuta mbali na joto kabla ya safari, halitazima kabisa.

Nani atafanya kazi hiyo Kibabii? Naambiwa hakuna fundi. Tazama basi steji yoyote ya bodaboda. Pikipiki zinazotubeba kila siku zina kabureta, na vijana wanaozitengeneza husafisha jeti kila wiki wakiwa wamechuchumaa kando ya barabara. Kijana anayemudu kabureta ya pikipiki ya Boxer akionyeshwa kabureta ya Weber atauliza maswali mawili kisha ataanza kazi. Ujuzi wa pengo la plagi, pointi na kondensa uko kwa mafundi wazee ambao bado wapo, na utaondoka nao ikiwa magari yanayouhitaji yatabaki yamefunikwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko bati lolote. Kitale kuna National Polytechnic. Alfa moja ingepelekwa kwenye karakana yake ingewapa wanafunzi somo ambalo kompyuta ya gari la kisasa huwaficha.

Spea? Za Alfa na Fiat za miaka ile bado zinatengenezwa na kuuzwa Ulaya na zinatumwa hadi huku. Ghali, ndiyo. Lakini kumbuka kwamba kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo haya tuliyo nayo hayatapata mbadala kirahisi. Linaloozea Kiminini limetutoka.

Hoja ninayoiheshimu ni ya usalama. Magari haya hayana mito ya hewa, taa zake ni hafifu, na kati ya Burnt Forest na Mau Summit utakutana na malori ambayo madereva wake wamechoka. Basi safari ni ya mchana tu, mikanda imefungwa, na anayetaka kushindana na basi la usiku abaki nyumbani. Matuta nayo ni adui wa kweli, kwa sababu sampu ya Alfa ni ya alumini na inaning'inia chini. Ikigonga tuta inapasuka na oili yote inamwagika. Funga bamba la chuma chini yake kabla ya jambo jingine lolote.

Klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo nchini ndiyo inayoandaa mashindano ya unadhifu wa magari, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na pasipo bidii yao tungekuwa na magari machache zaidi ya haya. Nawaomba wamzawadie zaidi yule aliyekuja kwa magurudumu yake kutoka mbali, akiwa na wadudu kwenye kioo na vumbi la Kitale chini ya bodi, kuliko aliyesugua bati kwa miezi mitatu akiwa Nairobi.

Na wewe uliye nalo, anza karibu. Toka mbele ya Chuo Kikuu cha Kibabii Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi cha Januari, pita Chwele na Kimilili, ingia Kitale. Haifiki kilomita 100. Beba koili, kondensa, mkanda wa feni, mpira wa mafuta, waya na maji. Ukifika, fungua boneti injini ikiwa bado moto, tazama panapovuja, chomoa plagi moja uisome rangi yake. Rekebisha, rudi. Wiki inayofuata nenda Eldoret, kisha panda Timboroa ugeuze. Mombasa ije baada ya hapo, na zile jeti za pwani ziwe tayari ndani ya gari.